Onesimo Alirudi na Barua Mkononi



Katika nyaraka zote zenye jina la Mtume Paulo hakuna ulio mfupi kama ule aliompelekea Filemoni. Una mistari 25 tu. Mtu akipekua Agano Jipya kwa haraka atauruka, pale kati ya Tito na Waebrania, asijue kwamba ameuruka. Na Jumapili ambazo husomwa kanisani ni chache za kuhesabika. Lakini katika ukurasa huo mmoja mna swali ambalo Wakristo wameligombania kwa karne nyingi, nalo linatugusa sisi tukaao Morogoro kuliko tunavyodhani. Swali lenyewe ni hili: mtu aliye chini ya mwingine akikukimbilia, je, ni halali kumrudisha kwa yule aliyemkimbia, hata kama unamrudisha kwa maneno mazuri?

Kabla ya kulijibu, tukumbuke nyaraka ni nini. Siku hizi zimejalidiwa pamoja, zina sura na mistari, nasi tumezoea kuzisoma kama sheria zilizopigwa chapa. Wakati ule zilikuwa barua. Palikuwa na kundi dogo la waamini katika mji fulani, wakikutana katika nyumba ya mmoja wao, nao wana shida yao wenyewe: hawa wamegombana juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu, hawa wamepata walimu wa mafundisho ya ajabu, hawa wanangoja kurudi kwa Bwana hata baadhi yao wameacha kufanya kazi. Mtume yuko mbali, pengine yuko kifungoni. Anamwita mwandishi, kama yule Tertio aliyejitaja mwenyewe mwishoni mwa Waraka kwa Warumi. Mtume anasema, mwandishi anaandika, na mtu anayeaminiwa anaichukua barua, anakwenda nayo kwa miguu na kwa merikebu. Ikifika husomwa kwa sauti mbele ya wote. Kisha hubadilishana na kanisa la jirani, kama Wakolosai walivyoagizwa kufanya na wenzao wa Laodikia.

Kwa hiyo tunaposoma nyaraka tunasoma barua za watu wengine. Anayesoma barua ya jirani hawezi kudaka sentensi moja katikati akaifanya amri kwa nyumba yake. Yampasa kwanza aulize ni nani aliyeandikiwa, na kulikuwa na jambo gani. Najua wako wasiopenda kusikia hivyo. Husema kwamba Neno ni Neno. Ni kweli, lakini Neno hili lilipenda kutujia kama barua, wala hatutalifahamu vizuri tukilivua vazi lake.

Basi, Filemoni alikuwa Mkristo mwenye uwezo, na kanisa lilikutana nyumbani mwake. Alikuwa na mtumwa aliyeitwa Onesimo, jina ambalo maana yake ni mwenye kufaa. Jinsi wengi walivyouelewa waraka huu tangu zamani, Onesimo alitoroka, na huenda aliondoka na kitu cha bwana wake. Akamfikia Paulo kifungoni, akaamini, akawa msaada mkubwa kwake. Paulo angependa kukaa naye. Badala yake alimrudisha, akampa barua aende nayo.

Hapa lugha yetu ina neno la kutuambia. Mtume na mtumwa ni watoto wa mama mmoja: wote wawili wamezaliwa na kutuma. Mmoja ametumwa kwa heshima, mwenziwe anatumwa pasipo kuulizwa. Paulo alijiita vyote viwili; alipowaandikia Warumi alijiita mtumwa wa Kristo hata kabla hajajiita mtume. Lakini alipomwandikia Filemoni hakutumia hata moja katika majina hayo. Alijiita mfungwa. Sidhani lilitokea tu. Aliyetaka kumwombea mtu asiye na uhuru alianza kwa kuonyesha mikono yake mwenyewe, nayo ilikuwa na minyororo.

Hata hivyo alimrudisha, na hapo ndipo penye jiwe la kujikwaa. Torati, ambayo Paulo aliijua tangu ujana wake, ilikuwa imesema wazi katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23 kwamba mtumwa aliyekimbia asirudishwe kwa bwana wake, bali aachwe akae mahali apendapo, wala asionewe. Sheria ya Rumi ilisema kinyume: mtoro ni mali ya mwenyewe, na amfichaye amemwibia mwenye mali. Bwana aliyerudishiwa mtoro wake aliweza kumpiga, au kumtia chapa usoni, au kufanya zaidi ya hayo, wala hakuna aliyemwuliza. Kwa mtazamo wa haraka, Paulo alifuata Rumi akaiacha Torati.

Wako waliomshangilia kwa hilo. Huko Georgia, Marekani, katika miaka ya 1830, mhubiri mmoja mzungu, Charles Colcock Jones, aliwahubiria watumwa habari za Onesimo, akiwaonya kwa mamlaka ya Paulo kwamba kutoroka ni kosa. Yeye mwenyewe ameandika yaliyotokea. Nusu ya wasikilizaji waliinuka wakatoka nje. Katika waliobaki, wengine walisema hakuna waraka kama huo katika Biblia, na wengine wakasema hiyo siyo Injili, anahubiri ili kuwapendeza mabwana. Watu wale walikuwa wamekatazwa kujua kusoma, lakini mimi naona waliusoma waraka ule vizuri kuliko yeye aliyekuwa ameushika mkononi.

Na sisi tuko wapi katika habari hii? Tumo ndani yake. Njia kuu ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa chini ya milima ya Uluguru, na watu walipitishwa humo wakipelekwa Pwani kuuzwa. Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta mji wa Simbamwene, karibu na mahali ulipo mji wetu leo, una kuta za mawe na minara. Aliyeujenga aliitwa Kisabengo. Stanley anasimulia kwamba mtu huyu hakutoka katika ukoo mkubwa. Alipata nguvu kwa sababu watumwa watoro walimkubali awe kiongozi wao. Yaani mji uliotutangulia hapa ulianzishwa na akina Onesimo! Lakini habari haiishii hapo, maana Kisabengo huyo huyo, alipokwisha kuwa na nguvu, alisifika kwa kuteka watu wa nchi jirani. Kutoroka peke yake hakumfundishi mtu kuwaacha wengine huru. Hilo nalo tuliweke akilini tunapomlaumu Paulo.

Wala mambo haya si ya kale sana. Wajerumani hawakuuondoa utumwa. Kwa amri yao ya mwaka 1904 walitamka tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Ilikuwa mwaka 1922, chini ya Waingereza, utumwa ulipofutwa kisheria katika Tanganyika yote. Wako wazee ambao babu zao walikuwa watu wazima mwaka huo. Katika koo nyingine jambo hili halitajwi mezani hata leo.

Sasa turudi kwenye barua. Kwa nini Paulo hakuamuru? Anasema wazi kwamba angeweza kumwagiza Filemoni linalompasa, lakini anapenda kumsihi, ili wema wake usiwe wa kulazimishwa. Watu wa milimani hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wake wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili udongo usichukuliwe na maji. Kusudi lenyewe halikuwa baya, maana udongo ulikuwa unakwenda kweli. Lakini lilikuja kwa amri na faini, na mahali pengine matuta yalifukua udongo usiozaa ukawa juu. Mwaka 1955 kukatokea ghasia kule Matombo, na mpango ukafa. Lakini upande wa Mgeta, wakulima walioona faida ya matuta kwa bustani zao za mboga wameendelea nayo bila kusimamiwa na mtu. Jembe moja, mlima mmoja. Linalofanywa kwa moyo hudumu baada ya bwana shamba kuondoka.

Paulo alilijua hilo. Kama angemwamuru Filemoni, Onesimo angepokewa siku hiyo, na kesho yake barua ya mtume ingesahauliwa jikoni. Alitaka nyumba ile igeuke, si mlango wake tu ufunguliwe. Ndiyo maana alimwomba Filemoni ampokee Onesimo si kama mtumwa tena, bali kama ndugu mpendwa, na kama vile angempokea Paulo mwenyewe.

Lakini, ndugu zangu, tusikubali upesi hivyo. Matuta ni udongo, na Onesimo ni mtu. Mkulima akikataa shauri jema la kilimo, atakayepata hasara ni yeye. Filemoni akikataa shauri jema la Paulo, mgongo utakaochapwa ni wa Onesimo. Ni rahisi kumwachia mwenzako uhuru wa moyo wake wakati gharama ya uhuru huo inalipwa na mtu wa tatu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na nyaraka nyingi za maonyo mema zimeandikwa na watu waliobeba makanda ya usufi. Viongozi wa dini wanaomwandikia mwajiri kwa upole, wakamshauri mke aliyepigwa arudi akavumilie, wakamsihi tajiri awakumbuke vibarua wake, hao wote huweza kusema kwamba wanafuata mfano wa Paulo. Wanafuata maneno yake. Nataka tuone kama wanafuata na matendo yake.

Itazame barua tena, kwa macho ya mtu anayetafuta mahali ilipofungwa kwa kufuli. Kwanza, haikuandikwa kwa Filemoni peke yake. Imeandikwa pia kwa Afia, na kwa Arkipo, na kwa kanisa lililo katika nyumba yake. Maana yake ilisomwa mbele ya watu, Filemoni ameketi, Onesimo amesimama, na waumini wote wanamtazama bwana mwenye nyumba atasema nini. Tena Onesimo hakurudi peke yake; Waraka kwa Wakolosai unatuambia alifuatana na Tikiko, na humo anatajwa kama ndugu mwaminifu, mwenzao. Pili, Paulo anaandika kwa mkono wake mwenyewe, siyo wa mwandishi, kwamba kama Onesimo anadaiwa kitu, deni hilo ahesabiwe yeye, naye atalipa. Hiyo ni hati ya deni, yenye sahihi. Tatu, karibu na mwisho, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, anamwambia Filemoni amwandalie mahali pa kulala, maana anatumaini kuja. Anayesoma anafahamu: nitakuja kuona kwa macho yangu.

Basi huo si upole wa kunawa mikono. Paulo hakuamuru, ni kweli, lakini alileta mashahidi, aliweka mfuko wake rehani, akaahidi kuja kukagua. Nadhani ndiyo sababu barua hii ilihifadhiwa. Mtu aliyeikataa angeichoma moto.

Mambo haya yalitokea tena katika Afrika Mashariki, na Waanglikana tunapaswa kuyajua. Huko Rabai, nyuma ya Mombasa, kituo cha misheni ya C.M.S. kilikuwa chini ya William Henry Jones (Wakristo wa jina la Jones ni wengi, na huyu hafanani na yule wa Georgia). Yeye mwenyewe alitekwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akasomeshwa India. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimfanya shemasi, na mwaka huo huo alifuatana na askofu katika safari ile ya mwisho, akabaki na msafara nyuma wakati askofu alipotangulia kwenda kuuawa Busoga. Ndiye aliyewarudisha watu Pwani na habari za msiba. Kwa kanuni, misheni haikutakiwa kupokea watumwa watoro, maana wenye mali wa Pwani walikuwa wamekwisha kukasirika na kutishia vita. Lakini watoro walikuja Rabai, nao hawakufukuzwa. Walijenga, walilima, waliingia kanisani. Ilipofika mwaka 1888, hesabu yao katika vituo vya misheni vya huko ilikuwa kama 1,400.

Wenye mali walidai warudishiwe. Jones alikuwa ameshika Torati, kama ilivyo katika ile sura ya 23. Mwakilishi wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa inaingia nchini, George Mackenzie, hakutaka kuanza kazi kwa vita, akashika mstari wa 18 wa Filemoni, kama alijua au hakujua: fedha zikakusanywa kutoka pande kadhaa, misheni ikiwamo, wenye mali wakalipwa fidia, na mwaka 1889 ulipoanza watu wale wakapewa hati zao za uhuru. Kila mmoja na karatasi yake.

Je, ilikuwa haki kumlipa mtu fedha ili amwachie binadamu mwenzake? Mimi nasema haikuwa haki. Aliyestahili kulipwa ni aliyefanya kazi miaka yote bila ujira. Lakini kama fedha ya mfukoni mwangu inaweza kuuondoa mgongo wa mtu chini ya fimbo leo, nitatoa leo, na habari ya haki tutaendelea kuitetea kesho, ila nisiiite haki kile nilichonunua. Tena tutazame nani aliyefanya iwezekane. Kama Jones angekuwa amewarudisha mmoja mmoja, kila mmoja na barua nzuri mkononi, Mackenzie asingemkuta mtu wa kumlipia.

Jambo moja katika Waraka kwa Filemoni linanisumbua bado, nalo sikulisikia likisemwa sana mimbarani. Tunasikia neno la Paulo. Tunajua salamu za Epafra, na Marko, na Luka. Onesimo hasemi neno. Kama aliulizwa, barua haionyeshi. Huenda yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kurudi, kwa kuwa alikuwa amebadilika. Huenda alitetemeka njia nzima. Lakini mtu anayetaka kuufuata waraka huu leo hana ruhusa ya kukaa kimya mahali waraka ulipokaa kimya. Yuko naye hapo, na amwulize.

Katika mtaa mmoja ambao sitautaja, binti wa kutoka milimani alikuwa ameletwa mjini na mjomba wake kufanya kazi za nyumbani. Alikuwa amekwisha kutimiza umri ambao sheria inaruhusu, kwa hiyo hapo hapakuwa na kosa; sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Kosa lilikuwa kwamba miezi mitano ilipita hajaona shilingi. Kila akiuliza aliambiwa anawekewa. Siku moja alichapwa kwa sababu ya sufuria iliyoungua, na usiku ule akaenda kwa mama mmoja wa kanisa ambaye alimjua kwa kumwuzia mboga.

Wazee wa kanisa walikaa. Mwenye nyumba alikuwa mshiriki mwenzao, mtoaji mzuri wa sadaka, na wengine wakaona ni vema binti arudishwe na barua ya kumwombea, na Filemoni akatajwa kwa jina. Wengine walisema asirudi, aende kwao, mambo yaishe. Yule mama aliyempokea alikuwa amenyamaza muda wote. Mwishowe akauliza kama kuna aliyemwuliza binti. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Akaitwa, akasema hataki kurudi, anataka mshahara wake na nauli ya Mgeta.

Barua ikaandikwa. Lakini ilichukuliwa na akina mama wawili peke yao, binti akabaki alipokuwa, nayo ilitaja miezi mitano na kiasi cha fedha kwa tarakimu, ikawekwa sahihi na wazee watatu. Walipofika waliisoma kwa sauti, mume na watoto wakubwa wakisikia, kisha wakamwambia mwenye nyumba kwamba kila Jumamosi watapita kumsalimu mpaka neno hilo liishe. Jumamosi mbili za kwanza walipewa chai bila fedha. Ya tatu walilipwa miezi mitatu. Miwili iliyobaki haikupatikana, na yule mama aliyempokea binti akasema aandikiwe yeye, akailipa kwa mafungu mawili, kutoka katika fedha ya ndizi.